Vijumba vya Wanasesere na Kodi ya Kibanda

Mwaka juzi nilikuwa London kwa mkutano wa kitaaluma, na siku ya mwisho shangazi yangu, ambaye ameishi Uingereza kwa zaidi ya miaka thelathini, alinipeleka kwenye maonyesho ya vijumba vya wanasesere. Lugha yetu ina mitego yake, na shangazi alinitahadharisha tukiwa bado kwenye basi. "Baba," akaniambia, kwa kuwa ndivyo anavyoniita tangu utotoni, "ukirudi Dar usije ukawaambia wenzio kwamba shangazi yako kakupeleka kutazama nyumba ndogo." Basi katika makala haya nitasema vijumba, na msomaji asitafute maana ya pembeni.

Ukumbi ulikuwa umejaa meza, safu kwa safu, na nyuma ya kila meza alikaa fundi mwenye miwani ya kukuzia. Nilitarajia kuona watoto. Niliowaona ni watu wazima, wengi wao wanawake wa rika la shangazi, wameinamia bidhaa kama wanunuzi wa dhahabu. Sehemu kubwa ya vitu hivi hutengenezwa kwa uwiano wa 1:12, yaani futi moja ya nyumba halisi inakuwa inchi moja ya kijumba. Kiti cha kulia chakula kina kimo cha sentimita saba na nusu. Mkate mzima unakaribia ukubwa wa haragwe. Kuna vitabu vyenye kurasa zinazofunuka na kusomeka kwa lenzi, droo zinazovutika, kufuli zenye funguo zinazofungua kweli. Bei ya baadhi ya viti ilizidi ya kiti cha kukaliwa na mtu, na sikuona ajabu baada ya fundi mmoja kunieleza kwamba shida yake kubwa ni nyuzi za mbao, kwa sababu mti haujui kwamba umepunguzwa. Mbao yenye nyuzi pana ikitengenezewa meza ya sentimita sita huonekana kama gogo lililochongwa kwa shoka. Ndiyo maana mafundi hawa hutafuta miti yenye nyuzi zilizosongamana.

Juu ya meza yake kulikuwa na vinara viwili vya mishumaa, vyeusi, vyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Shangazi alivitambua kabla yangu. "Huu mpingo," akasema kwa Kiswahili. Fundi aliutaja kwa jina lake la Kiingereza, ambalo linaitaja Afrika yote bila kutaja Kilwa wala Lindi. Kibandiko cha bei kilikuwa na jina la fundi na mji wake.

Shangazi alikuwa mshonaji Tanga kabla ya kuhama. Uingereza alisafisha vyumba vya hoteli kwa miaka mingi, kisha akatunza wazee majumbani mwao hadi alipostaafu. Macho yake, kwa hiyo, hayakwenda nilikokwenda mimi. Alisimama muda mrefu mbele ya pazia la dirisha moja, akaniambia kwamba kitambaa ni kile kile cha watu wakubwa, kimekatwa kidogo tu, na ndiyo maana kimesimama kama ubao. Ni kweli. Unaweza kupunguza upana na urefu wa kitambaa, lakini unene wa uzi haupungui, wala uzito hautoshi kukivuta chini kikaanguka. Mafundi hodari hutumia hariri nyepesi mno, huilowanisha, huipiga marinda kwa pini, huiacha ikauke katika umbo linaloiga kuning'inia. Kisha shangazi akahamia jikoni. Sahani zilipangwa, masufuria ya shaba yaling'aa, kuni zilikuwa mahali pake. Vyumba vya juu vilikuwa na vitanda vilivyotandikwa bila kunyanzi. Akamuuliza mwenye meza, kwa Kiingereza chake cha adabu, ni nani aliyeosha vyombo hivi. Mama yule akacheka kwa upole, akajibu kwamba wateja wengi hawapendi kuweka wanasesere ndani, kwa sababu binadamu akiingia nyumba huonekana ya bandia.

Hilo jibu nimekuwa nalo tangu siku ile. Kwa mtu wa historia ni jibu lenye umri wa karne kadhaa, na halikuwa hivyo tangu mwanzo.

Kijumba cha kwanza tunachokijua katika maandishi ya Ulaya kilitengenezwa Munich mwaka 1557 na 1558 kwa amri ya Albrecht wa Tano, mtawala wa Bavaria. Hakikuwa mchezo wa mtoto. Kiliwekwa katika mkusanyo wake wa vitu adimu, pamoja na sarafu, sanamu na maajabu kutoka nchi za mbali, na kiliteketea katika moto wa kasri mwaka 1674. Tunakifahamu kwa sababu mwaka 1598 mtu mmoja aitwaye Johann Baptist Fickler aliandika orodha ya mali za mkusanyo huo. Naomba msomaji aikumbuke orodha hiyo, kwa maana kijumba na orodha ya mali ni ndugu wa damu: vyote viwili humwezesha mtawala kuitazama milki yake yote mara moja, bila kutoka kitini.

Nuremberg, miaka zaidi ya sabini baadaye, tunamkuta mwanamke wa hali nyingine. Anna Köferlin hakuwa na watoto wala kasri. Mwaka 1631, wakati Vita vya Miaka Thelathini vikiendelea na mji wake ukielekea kwenye mwaka wa kuzingirwa, alikionyesha hadharani kijumba kikubwa alichokijaza vyombo kwa miaka, akatoza kiingilio, na akachapisha karatasi ya kukitangaza. Alieleza kwamba watoto na watumishi wa ndani wangejifunza humo namna nyumba inavyopangwa na kuendeshwa. Kijumba chenyewe kimepotea, lakini kingine cha mji huohuo, cha mwaka 1639, kimehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya taifa ya Wajerumani pale Nuremberg, na kinachomshangaza mtazamaji ni wingi wa vyombo vya kazi. Katika vijumba vya namna hii kazi haikufichwa. Ilifundishwa, naam, na ilifundishwa kwa faida ya mwenye nyumba, lakini ilionekana.

Amsterdam ilikuwa hivyo pia. Petronella Oortman, mke wa mfanyabiashara wa hariri, alijenga kijumba chake ndani ya kabati lililonakshiwa kwa magamba ya kasa, kati ya takriban mwaka 1686 na 1710. Kwa hesabu zinazotajwa, gharama yake ilifikia guilder 20,000 hadi 30,000, fedha ambayo ingenunua nyumba halisi kando ya mfereji. Sasa kiko Rijksmuseum. Kina jiko la kupikia na jiko la fahari lenye kabati la kauri. Kina chumba cha kuanikia na kukunjia nguo. Kauri zake ziliagizwa kutoka China. Hapa ndipo kijumba kinapoanza kufungua madirisha yake upande wa bahari: mji huo ulikuwa makao ya Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya Indi, na meli zake ndizo zilizoifanya bidhaa ya Asia iwe pambo la ukutani la mke wa mfanyabiashara. Kikombe kisichozidi punje ya hindi kilivuka bahari mbili. Waliokivusha, mabaharia waliokufa kwa maelfu kwa maradhi na watumwa walioendesha vituo vya kampuni hiyo kuanzia Rasi hadi Batavia, hawana chumba humo.

Sasa tufike mwaka 1924.

Kijumba mashuhuri kuliko vyote duniani ni cha Malkia Mary, kilichojengwa kati ya mwaka 1921 na 1924 kwa michoro ya Sir Edwin Lutyens, msanifu yuleyule aliyekuwa akisanifu New Delhi. Watu zaidi ya 1,500, wasanii, mafundi na wenye viwanda, walichangia. Maji ya moto na ya baridi yanatoka bombani. Umeme unawaka. Lifti zinapanda na kushuka. Chupa za mvinyo ghalani zina mvinyo wa kweli, gari za kifahari zimeegeshwa chini, na maktaba ina vitabu vilivyoandikwa kwa mkono na waandishi wakubwa wa siku zile. Arthur Conan Doyle alitunga hadithi fupi mpya ya Sherlock Holmes mahususi kwa rafu hiyo. Si wote waliokubali. George Bernard Shaw alikataa, Virginia Woolf alikataa, na mtunzi wa muziki Edward Elgar alikasirishwa na ombi lenyewe. Vyumba vya watumishi vimo, nisidhulumu, pamoja na vitanda vyao. Watumishi hawamo.

Kijumba hiki kilionyeshwa kwa umma katika Maonyesho ya Dola ya Uingereza huko Wembley, yaliyofunguliwa na Mfalme George wa Tano tarehe 23 Aprili 1924, kwa hotuba iliyorushwa redioni. Watu takriban milioni 1.6 walipita mbele yake. Na wale waliotoka katika jumba la sanaa walimokiona, wangeweza kutembea hatua kadhaa na kuikuta Afrika Mashariki yetu katika jengo lake: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, kila moja na sehemu yake na mazao yake. Dola nzima ilikuwa imepunguzwa ikatosha katika bustani moja ya London. Wembley yote ilikuwa kijumba.

Hii si tashbihi yangu tu. Waafrika waliokuwa London wakati ule waliuona mchezo. Ladipo Solanke, mwanafunzi wa sheria kutoka Nigeria, aliandika kupinga namna magazeti yalivyowadhihaki watu wa Afrika Magharibi kwa kisingizio cha maonyesho hayo, ambako mafundi wao waliwekwa katika kijiji cha kutazamwa. Mwaka uliofuata, 1925, alikuwa miongoni mwa waasisi wa Umoja wa Wanafunzi wa Afrika Magharibi, chama kilicholea kizazi kizima cha wapigania uhuru. Tukiwafundisha wanafunzi wetu kwamba siasa za ukombozi zilianzia kwenye mikutano mikubwa na katiba, tusisahau kwamba sehemu yake ilianzia kwenye hasira ya mtu aliyekataa kutazamwa kama kikaragosi.

Lakini kuna jambo la karibu zaidi na nyumba. Wakati Lutyens akipima milango ya inchi saba, serikali ileile ilikuwa inahesabu nyumba zetu.

Kodi ya kibanda haikuanzishwa na Waingereza peke yao. Wajerumani walianza kuitoza Tanganyika, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya koloni lao, mwaka 1898. Kibanda cha kawaida cha kijijini kilidaiwa rupia 3. Upande wa Kenya kanuni za kodi hiyo ni za mwaka 1901. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya vita, sheria yao ya kodi ya kibanda na ya kichwa ilitoka mwaka 1922, mwaka ambao kuta za kijumba cha malkia zilikuwa zikipakwa rangi. Lengo halikufichwa sana hata na waliozitunga kodi hizi. Serikali ilihitaji fedha, na walowezi na mashamba ya mkonge walihitaji vibarua. Mwanamume asiye na shilingi angezitafuta mahali pekee zilipokuwa, shambani kwa mzungu.

Ili nyumba itozwe kodi lazima kwanza iwe kitu cha kuhesabika. Karani alisimama nje, akaona paa, akaandika: moja. Hakuandika kwamba kibanda cha pili ni cha bibi aliyefiwa, wala kwamba cha tatu ni jiko, isipokuwa mwenyewe abishane naye akashinda. Mume mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake kama desturi ilivyodai, alidaiwa mara tatu. Matokeo yake yanajulikana: katika sehemu mbalimbali za Kenya maofisa walianza kulalamika kwamba watu wanarundikana katika vibanda vichache ili kuikwepa kodi, kisha maofisa haohao wakaandika taarifa za kushangaa kwamba Waafrika wanaishi katika msongamano usiofaa kwa afya. Ukisoma taarifa za namna hiyo leo, unacheka mwanzo, kisha huendelei kucheka.

Hapo ndipo ninapoona aina mbili za kupunguza nyumba. Fundi wa maonyesho hupunguza vipimo na kuhifadhi kila kitu kingine: bawaba, kufuli, pindo la shuka. Karani hakugusa vipimo hata kidogo. Aliiacha nyumba na ukubwa wake, akaondoa yote yaliyokuwamo, ikabaki tarakimu moja katika daftari. Na kodi ile, kwa kuwafanya watu wabomoe au waache kujenga, ikazipunguza nyumba halisi pia.

Kenya ililipuka kwanza. Kodi ilipopandishwa hadi shilingi 16, pamoja na kipande na kukatwa kwa mishahara, Harry Thuku akawakusanya watu, akakamatwa Machi 1922, na umati uliokwenda kudai aachiliwe mjini Nairobi ukapigwa risasi. Zaidi ya watu 20 walikufa, akiwamo Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewasuta wanaume kwa woga wao. Baadaye mwaka huo kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Nawaomba wanaharakati wanaonisoma waipime tofauti hiyo ya shilingi 4 kwa uzito wake. Wasomi hupenda kuiita makubaliano madogo. Kwa kaya yenye vibanda vitatu ilikuwa shilingi 12 kwa mwaka, yaani kodi ya kibanda kizima.

Sitaki msomaji adhani kwamba kijumba ni chombo cha watawala kwa asili yake. Chombo hufuata mkono. Marekani, katika miaka ya 1940, mwanamke mmoja tajiri na mzee aitwaye Frances Glessner Lee alikitumia kijumba kwa kazi ambayo Köferlin asingeiwaza. Alitengeneza vyumba vya mauti. Kwa uwiano uleule wa 1:12 alijenga upya mahali ambapo watu walikutwa wamekufa: jikoni, bafuni, chumba cha kupanga, banda la farasi. Wanasesere wamo, wamelala walipoangukia. Alifuma soksi zao kwa pini, akaweka tarehe kwenye kalenda za ukutani, akapaka kwenye ngozi rangi ya damu iliyotuama. Polisi waliokuja kwenye semina zake walipewa muda na tochi, wakatakiwa kutazama tu: je, amejiua, ameuawa, au ni ajali? Vijumba kumi na nane bado vinatumika kufundishia Baltimore.

Kinachonivuta ni nani amelala katika vyumba hivyo. Wengi ni wanawake, na wengi ni maskini: wapangaji, walevi, wake za vibarua. Ni watu ambao kifo chao mpelelezi mvivu angekimaliza kwa mstari mmoja. Lee aliwalazimisha wanaume wenye vyeo wapige magoti mbele ya jiko la mwanamke maskini na kutazama kama maji bado yanatiririka, kama unga umemwagika, kama dirisha limefungwa kwa ndani. Mtumishi wa umma anayesoma hapa, hasa wa idara zinazoandika taarifa za vifo, atajua kwa nini ninalitaja jambo hili bila kulieleza zaidi.

Kwa mabano: utajiri wa Lee ulitoka katika kampuni ya zana za kilimo ambayo baba yake alikuwa mmoja wa wakuu wake, International Harvester, na kampuni hiyo ilihitaji kamba nyingi mno za kufungia ngano, zilizosokotwa kwa katani ya Yucatán, Meksiko. Mkonge wetu wa Tanga una asili hukohuko. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62. Ni katika mashamba yaliyozaliwa na miche hiyo ndiko wadaiwa wengi wa kodi ya kibanda walikokwenda kutafuta shilingi. Nilimsimulia shangazi haya kwa simu. Baba yake, babu yangu, alikata mkonge. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama yule mama wa Marekani alikuwa anashona mwenyewe au alikuwa na fundi. Nikamwambia nguo alizishona na kuzifuma mwenyewe. "Basi huyo alikuwa mtu wa kazi," akasema.

Muhula huu nimewapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu zoezi. Wametakiwa kujenga, kwa uwiano wa 1:12, nyumba moja ya msonge ya Handeni ya mwaka 1924, wakitumia vitabu vya wilaya vilivyohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa na simulizi za wazee wao. Msonge wa kipenyo cha mita nne unakuwa duara la sentimita thelathini na tatu, unakaa juu ya meza moja ya darasa. Vitabu vya wilaya vimewasaidia kidogo sana, kwa kuwa vinasema vibanda vilikuwa vingapi na havisemi ndani mlikuwa na nini. Bibi zao wamewasaidia zaidi. Wamekwisha tengeneza kinu, mafiga, ungo na kitanda cha kamba. Wamebishana kuhusu watu, na kwa kura wameamua kwamba watu wawemo.

Ubishi uliobaki ni wa stakabadhi ya kodi. Ikipunguzwa inakuwa karatasi ya sentimita moja. Msichana mmoja anataka ichomekwe kwenye nyasi za paa, juu ya mlango, ambako babu yake alikuwa akiweka karatasi zake za serikali ili aweze kuinyofoa haraka wakija. Mwenzake anauliza ni kwa nini tunadhani mwenye nyumba hii alikuwa ameshalipa. Paa bado halijaezekwa.